Mtani Wangu Ni Nani?

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na hadithi moja ambayo hakuwahi kuimaliza bila kucheka. Alizaliwa Usangi, Upare ya Kaskazini, kwenye migomba na baridi, akaja kuolewa huku chini Makanya, kwenye mikonge na vumbi, ambako watu huitazama mvua ikinyesha mlimani na wao hawapati hata tone. Hadithi yenyewe ilikuwa ya miaka ya mbiru, yeye akiwa msichana. Wanaume walikuwa wamekwenda Same kwa DC, Mwingereza, kukataa kodi. Siku zikapita, hawarudi. Basi wanawake nao wakamfuata yule mkubwa, wakampa sharti: ama alimalize lile shauri ili waume zao warudi nyumbani, ama awatie mimba yeye mwenyewe, wote.

Hapo bibi alikuwa akijipiga paja na kuangua kicheko mpaka anatoa machozi. Sisi wajukuu tulicheka kwa sababu yeye anacheka. Ni matusi, tulijua hivyo, na matusi yakisemwa na bibi yanakuwa matamu. Zaidi ya hapo sikuelewa kitu. Nimekuja kuielewa hadithi ile nikiwa na miaka 34, nimekaa kwenye kiti cha mhariri, siku moja baada ya kucheka mahali ambapo sikupaswa kucheka.

Lakini nianzie mwanzo.

"Nyie Wapare kwa kesi!"

Nilipoajiriwa mara ya kwanza, mimi na kijana mmoja tuliyemaliza naye chuo, mhariri alitutambulisha hivi: "Huyu ni mwandishi mpya, na hili ni ua letu jipya." Chumba kizima kikacheka. Mimi pia nilicheka, maana ndiyo kwanza asubuhi ya kwanza, utafanyaje? Mwenzangu akapewa habari za Bunge. Mimi nikapewa ukurasa wa familia, na wageni wakija, macho yote yalinigeukia mimi, kana kwamba birika la chai lilikuwa limeandikwa kwenye mkataba wangu.

Sitakitaja chombo hicho. Hakikuwa kibaya kuliko vingine, na ndiyo maana nakisimulia. Hakuna aliyenishika kwa nguvu. Kilichokuwepo ni maneno. Nikirudi kazini na dereva, "Mmepitia wapi?" Nikipata habari nzuri, "Umempa nini?" Nikivaa gauni, shida, nikivaa suruali, shida nyingine. Kila siku kidogo kidogo, kama maji yanavyomega kingo za korongo, na kila siku kwa kicheko.

Mwaka wa pili nikaenda kulalamika kwa kiongozi mmoja. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaegemea kiti, akasema: "Aah, ni utani tu. Nyie Wapare kwa kesi!"

Kwa msomaji asiyetoka kwetu, nieleze. Inasemwa kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Wanaosema hivyo zaidi ni Wachaga, watani wetu, ambao na sisi tuna ya kuwaambia kuhusu wao na pesa. Kiongozi yule alikuwa Mchaga. Kwa hiyo alikuwa mtani wangu halali kabisa, na kwa desturi mtani akikutania huruhusiwi kukasirika. Nikacheka tena. Nikatoka ofisini kwake nimeshindwa kesi, na sikujua nimeshindwa kwa kifungu gani.

Swali hilo ndilo lililonirudisha kwenye vitabu. Kama yale ni utani, basi kosa ni langu. Je, yale ni utani?

Sheria za utani

Watanzania tunauzungumzia utani kama kitu kilichokuwepo tu, kama hewa. Lakini utani una historia, na historia yake imejaa vita, safari na kazi. Wanyamwezi na Wazaramo, kwa mfano, wanatajwa kuwa watani kwa sababu ya misafara iliyokuwa ikitoka bara kwenda pwani: wageni wanaopita kwenye nchi ya watu wanahitaji njia ya kukaa na wenyeji bila kuchinjana. Kuna makabila yaliyopigana kwanza, yakawa watani baadaye. Utani ulikuwa namna ya kuifunga silaha kwa kitambaa cha kicheko.

Na kazi ilikuwemo. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893, ikafika Moshi 1911, na Makanya ni mojawapo ya stesheni zake. Mwaka ule ule wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliletewa miche ya mkonge iliyotoka Florida kupitia Hamburg. Iliyofika hai ilikuwa 62. Kutokana na miche hiyo yakazaliwa mashamba yaliyofuata reli kutoka pwani hadi huku kwetu, na yakaita watu kutoka kila pembe ya nchi na nje yake: Wanyamwezi, Wabena, Wangoni, Waha, Wamakonde. Wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba yake. Watu wasiojuana, wamelazwa kambi moja, wanagombea maji ya kisima kimoja. Wakati wa zamu, wakati wa msiba, mtani alikuwa na kazi kubwa: kumzika mwenzake ambaye ndugu zake wako mbali, na kufanya hivyo akimcheka maiti.

Mwaka 1944 Reginald Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi Amani kwenye milima ya Usambara, na ambaye wasomi wa ndege wanamfahamu zaidi kuliko sisi, alichapisha makala kuhusu utani wa Tanganyika. Miaka minne kabla yake, mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown alikuwa ameandika kuhusu mahusiano ya aina hiyo kwa upana zaidi. Kwake, mmoja anaruhusiwa, na mara nyingine analazimika, kumdhihaki mwenzake. Na mwenzake anatakiwa asikasirike.

Niliposoma hapo moyo ulinidunda. Asikasirike! Ndiyo hoja ya bosi wangu, neno kwa neno. Na kibaya zaidi, Radcliffe-Brown anasema utani uko wa aina mbili: ule wa pande zote, na ule wa upande mmoja, ambapo mmoja anatania na mwingine anapokea tu. Nikafunga kitabu. Nikajiambia, basi, kesi imekwisha, Mpare kalala.

Nilirudi kwenye kitabu siku ya pili, kwa ubishi wa kwetu. Nikajiuliza: katika huo utani wa upande mmoja, anayetania ni nani? Mfano uliompa Radcliffe-Brown umaarufu ni wa mpwa na mjomba. Mpwa ndiye anayeingia kwa mjomba na kufungua vyungu, kuchukua anachotaka, kusema ovyo. Mdogo ndiye mwenye uhuru. Mkubwa ndiye anayevumilia. Angalia na kwetu: mjukuu humwita babu yake "mume mwenzangu" au "mchumba wangu" na babu anacheka, yule mdogo amepewa mlango wa kumfikia mzee ambaye vinginevyo angemwogopa. Sijakutana na mila ambayo mwenye jembe, daftari la mshahara na funguo za ghala ndiye aliyepewa haki ya kumdhihaki asiye na kitu, kisha huyo asiye na kitu akaamriwa acheke. Hiyo ina jina lingine.

Na hata utani wa makabila una mipaka ambayo mtoto yeyote wa kijijini anaijua. Mkwe hataniwi. Mtani akikuzidishia unamlipiza, na akichukua kuku wako leo, kesho na wewe utachukua chungu chake. Utani ni deni linalozunguka. Lisipozunguka, limekuwa wizi.

Kwa hiyo yule kiongozi aliponiambia "Nyie Wapare kwa kesi", sentensi ile peke yake ilikuwa utani wa haki. Ningeweza kumjibu, na alijua ningeweza. Alichofanya ni kuuchukua utani huo halali akaufunika juu ya yale mengine, kama mtu anayepitisha mkaa wa magendo chini ya magunia ya mahindi.

Daftari la nyapara

Nilimpelekea hoja hii shangazi yangu, Makanya, likizo moja ya Desemba. Shangazi alifanya kazi ya mkonge ujanani, kwenye shamba moja kando ya reli, si hapa nyumbani. Wanaume walikata majani shambani. Yeye na wanawake wenzake walikuwa korona, kwenye kuanika nyuzi zilizotoka mashineni zikiwa zimelowa, nzito, zinachubua mikono.

"Shangazi, nyapara alikuwa anawatania?"

"Alikuwa anatania sana," akasema. Akanyamaza. Kisha: "Aliyecheka aliandikiwa siku nzima. Aliyenuna, kazi yake ilikuwa na kasoro, anaandikiwa nusu."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anayenieleza bei ya sukari ya zamani. Mimi nilikuwa nimesoma vitabu viwili vya Kiingereza ili nifike hapo. Yeye alikuwa na jambo zima kwenye daftari la nyapara. Kicheko cha wanawake wa korona kilikuwa sehemu ya kazi. Kilipimwa, kikalipwa, na asiyekitoa alikatwa mshahara. Watu wanapoulizana kwa nini msichana fulani "alikuwa anacheka nao vizuri tu" kabla hajalalamika, nataka wamkumbuke shangazi yangu na nusu siku yake.

Nikamuuliza kama kuna aliyewahi kumjibu nyapara. Akacheka, safari hii kicheko chake mwenyewe. "Mmoja mmoja? Nani angethubutu? Ila siku moja tulikubaliana. Alipoanza, tukamtazama tu. Wote. Hakuna aliyecheka. Unajua mwanaume anayechekesha halafu watu wasicheke? Alitafuta pa kuweka mikono."

Je, aliacha? "Aliacha wiki mbili," akasema shangazi. "Wiki mbili ni wiki mbili."

Mbiru

Na hapo ndipo hadithi ya bibi iliponirudia.

Mbiru ni jina la kale la ushuru ambao Wapare waliwapa wafumwa, watawala wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni, ikipitia kwa watawala wa kienyeji, iliweka kodi mpya juu ya ile ya kawaida na kuivika jina hilo. Kodi hii haikuwa sawa kwa kila mtu. Kila mwenye kaya alikadiriwa kwa mali yake na mapato yake, na waliokadiria walikuwa watu ambao wananchi hawakuwaamini. Januari 1945 maelfu ya watu waliteremka milimani kwenda Same, makao makuu ya wilaya, wakasema hawalipi. Profesa Isaria Kimambo, Mpare mwenyewe, aliandika kitabu kidogo juu ya mgogoro huo mwaka 1971, na kila ninapokisoma nashangaa ni Watanzania wangapi wanaoijua Maji Maji kwa moyo na hawajasikia hata neno mbiru. Mgogoro ulivutana kwa muda mrefu. Mwishowe kodi ile ya kukadiriwa iliondolewa, na mahali pake ikaja kodi ya kiwango kimoja.

Ndani ya mgogoro huo wako wanawake wa Usangi, mamia yao, na lile sharti lao kwa mkubwa wa wilaya. Wasomi wanaoitaja habari hii wanaieleza kama mfano wa wanawake kuingia kwenye siasa, na ni kweli. Ila mimi, baada ya miaka kumi ya kukaa chumba cha habari, nasikia kitu kingine humo.

Fikiria hali yenyewe. Kodi ilikadiriwa kwa jina la mwanaume, lakini mali iliyokadiriwa ilikuwa na jasho la nani? Shamba la mahindi limelimwa na nani, maharage yamepandwa na nani? Mezani kwa DC mwanamke hakuwa mlipaji wala mlalamikaji. Kitu kimoja tu cha mwanamke ndicho ambacho kila ofisi ya wanaume, ya mzungu na ya Mwafrika, imekuwa ikikitambua siku zote: mwili wake. Ndicho kinachotaniwa.

Wanawake wa Usangi wakakichukua kitu hicho hicho wakakiweka mezani wao wenyewe. Bwana mkubwa, unawashikilia waume zetu? Vema, basi fanya kazi yao. Wote hawa. Anza. Utani ule ule ambao kwa kawaida mkubwa huurusha kwa mwanamke mmoja aliye peke yake kwenye korido, safari hii umerushwa na wanawake mamia kwa mkubwa mmoja, hadharani, na yeye ndiye asiyejua pa kuweka mikono. Ndiyo maana bibi alikuwa akicheka mpaka machozi. Hakuwa akicheka matusi. Alikuwa akicheka uso wa yule mzungu.

Na hawakuwa wa kwanza. Machi 1922, Nairobi, watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai Harry Thuku aachiwe. Miongoni mwa mambo aliyoyapigia kelele Thuku ni wanawake na wasichana kulazimishwa kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Wanaume walipoanza kusitasita, Mary Muthoni Nyanjiru alijitokeza mbele, akainua nguo yake na kuwaambia wanaume wachukue sketi yake, wampe suruali zao. Polisi walipofyatua risasi, naye aliuawa. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kumgeuzia mkubwa utani ni mchezo. Muthoni alilipa kwa uhai. Wanawake wa Usangi walikuwa na bahati ya kuwa wengi na kuwa nyumbani.

Ukutani na kwenye sheria

Kuna kipindi utani wa upande mmoja uliua hapa kwetu pia. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulikuwa na kitu kilichoitwa Punch: michoro na maandishi yaliyobandikwa ukutani na wanaume wasiojulikana, yakiwadhalilisha wanafunzi, hasa wasichana. Waliochora walijificha, aliyechorwa alitembea mchana kweupe. Waliokitetea walisema ni kejeli za wanafunzi tu, ni utani. Februari 1990, Levina Mukasa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alijiua baada ya kusumbuliwa na kudhalilishwa na wanafunzi wenzake wa kiume.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Waliolishika jambo hilo na kukataa lizikwe pamoja na marehemu walikuwemo wanahabari. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilianzishwa 1987 na wanawake waliokuwa wakizijua ofisi za habari kutoka ndani, Fatma Alloo akiwa miongoni mwao. Jarida lao waliliita Sauti ya Siti, kwa heshima ya Siti binti Saad, mwanamke aliyetoka Fumba kwenye familia ya wafinyanzi akaenda kurekodi santuri Bombay mwaka 1928, na ambaye naye alitukanwa sana kwa kuwa mwanamke anayefanya kazi mbele za watu. TAMWA na wenzao waliendelea kupiga kelele mwaka baada ya mwaka, mpaka ikapatikana Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, iliyoufanya unyanyasaji wa kijinsia kuwa kosa la jinai. Kisha ikaja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kazini, wa jinsia, wa ujauzito, wa ndoa na mengineyo, na kinasema wazi kwamba kumnyanyasa mfanyakazi kwa misingi hiyo ni aina ya ubaguzi.

Nilipoingia kwenye ofisi ya yule kiongozi kulalamika, sheria zote mbili zilikuwa tayari zipo. Yeye hakuzitaja. Mimi sikuzijua. Tuliokuwa tunaandika habari za haki za watu kila siku!

Siku niliyocheka

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Miaka ilikwenda, nikahama, nikapanda, nikawa mhariri wa dawati mahali pengine. Asubuhi moja kwenye kikao cha habari, binti mmoja aliyekuwa mafunzoni alileta mahojiano ambayo wakongwe wawili walikuwa wameyakosa. Mheshimiwa fulani aliyekuwa akiwakwepa waandishi alikuwa amezungumza naye dakika arobaini. Binti alikuwa amemsubiri saa tano nje ya ofisi, amekaa kwenye ngazi. Kabla hajamaliza kueleza, mwandishi mmoja mkongwe akasema: "Mheshimiwa yule hahojiwi bure, jamani."

Chumba kikacheka. Na mimi nikacheka.

Kilikuwa kicheko kifupi, cha pumzi moja tu, cha mtu aliyezoea. Miaka kumi ya kuandikiwa siku nzima. Lakini binti hakumtazama yule mkongwe. Alinitazama mimi. Alikuwa amemjua mkongwe siku zote. Kwangu ndiko alikokuwa hajui.

Wiki ile hakuleta habari nyingine. Alikaa kwenye kompyuta akihariri maelezo ya picha. Usiku wa tatu nikampigia shangazi Makanya, nikamweleza. Hakunifariji. Akauliza tu: "Kwa hiyo siku hizi daftari analishika nani?"

Kesho yake nilimwita mkongwe. "Ni utani," akasema, kama nilivyotarajia. Nikamuuliza: "Binti akisimama kesho kikaoni akasema na wewe cheo chako hukukipata bure, utacheka?" Akakunja uso. "Atakuwa amenivunjia heshima." Nikamwambia basi hana mtani pale, ana mtu anayemtukana ambaye hawezi kujibu. Niliandika tukio lile, tarehe na maneno kama yalivyosemwa, nikalipeleka kwa ofisa utumishi, pamoja na sentensi inayosema kwamba mhariri aliyekuwa akiendesha kikao, yaani mimi, alicheka. Nilimwonyesha binti kabla sijalipeleka, nikamuuliza kama anakubali. Alisoma mara mbili. Akasema, "Sikudhani utaweka hiyo ya mwisho."

Kicheko kilikuwa hadharani, kwa hiyo radhi niliiomba hadharani, kikao kilichofuata, mbele ya watu wale wale. Nikaongeza kwamba kuanzia siku ile, kwenye meza hii utani utakuwa ule unaoweza kujibiwa. Asiyeweza kujibiwa kwa sababu ya cheo chake, asianze.

Mmoja akanung'unika kwamba sasa ofisi itakuwa kama matanga. Nikamjibu kwamba amekosea mfano: matangani ndiko watani wanakofanya kazi yao vizuri zaidi. Wachache wakacheka. Mkongwe alinuna miezi miwili, na mpaka leo hajaomba radhi. Alipewa onyo la maandishi, basi. Sitaki kudanganya kwamba ofisi iligeuka ikawa pepo. Wapo waliosema chini chini kwamba Mpare kapata kuku wake.

Ila kuna asubuhi moja naikumbuka. Ilikuwa yapata wiki sita baadaye. Nilikuwa nikiwafokea waandishi kwa kuchelewesha habari, nikitoa mfano wa enzi zetu, jinsi tulivyokuwa tukikimbizana na saa. Binti akainua mkono taratibu. "Samahani, dada. Hiyo saa ilikuwa ya jua au ya mchanga?"

Kimya. Hakuna aliyecheka. Watu kumi na moja wakanigeukia kuona nitafanya nini, na mkongwe alikuwa ameacha hata kuandika. Nikahisi ule moto wa kudhalilishwa na mdogo ukinipanda shingoni, mara moja tu, nikajua kumbe ndivyo unavyowapanda. Kisha nikacheka. Safari hii nilicheka kweli, na chumba kikalipuka.

Kwa desturi, ukishindwa na mtani unamlipa. Nilimtuma kijana mgahawani chini, akaleta chai na chapati za watu kumi na wawili, na bili ikaandikwa kwa jina langu.